Kuku wa Kujaza Majani, na Mlima wa Bugali

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama mnaotunza nyumba,

Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za kofia, taa, buti na boriti. Leo tunaingia jikoni. Msishangae. Mfanyakazi hashuki katika shimo na kofia peke yake. Anashuka pia na chakula alichokula asubuhi na dawa aliyomeza. Vitu hivyo viwili visipopatana, hakuna kofia itakayomwokoa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa muuguzi kijana katika dispanseri ya kampuni nyingine, alikuja kwangu mpakiaji wa mawe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nguvu, asiyezoea kulalamika. Aliniambia kwamba anaamka usiku mara nne au tano kwenda kukojoa, na kwamba anakunywa maji lakini kiu haikatiki. Tulipima damu yake, tukakuta ugonjwa wa sukari. Daktari akamwandikia vidonge vya glibenklamidi, na mimi nikaachiwa kazi ya kumweleza habari ya chakula. Siku hiyo mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu. Nikamwambia maneno matatu tu: “Acha bugali, baba.” Kisha nikaita mgonjwa mwingine.

Baba huyu alikuwa mtu wa kutii. Aliacha bugali siku ileile. Siku yenye kuku alikula kuku na majani. Siku isiyo na kuku alikula majani peke yake, au hakula kitu. Lakini kidonge hakukiacha hata siku moja.

Juma la pili, saa nne za asubuhi, akiwa ndani ya shimo, alianza kutetemeka na kutoka jasho baridi. Akasema maneno yasiyoeleweka. Wenzake walidhani amekunywa kasiksi. Mkubwa wa timu alikuwa tayari kuandika jina lake kwa kosa la ulevi. Kabla hajamaliza, mtu yule akaanguka kando ya reli, hatua chache mbele ya kigari kilichojaa mawe. Bahati nzuri aliyekisukuma alikuwa macho, akakizuia.

Walipomfikisha dispanseri, damu yake ilikuwa karibu haina sukari. Tulimtibu, akazinduka. Jioni mke wake akaja. Hakupiga kelele. Alisema hivi: “Muganga, ulimwambia aache. Hukumwambia ashike nini.” Sikuwa na jibu, na mpaka leo neno lile linanikaa rohoni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mlima wa bugali katika sahani zetu ni lazima upungue. Lakini upungue hatua kwa hatua, muganga akijua, na mahali pake pawekwe chakula kingine ambacho nyumba nzima inakifurahia. Kuku wa kujaza majani, aliyechomwa juu ya mbabula, ni mfano mzuri wa chakula hicho. Nitaeleza namna ya kumpika, lakini kwanza tuuangalie huo mlima.

MLIMA ULITOKA WAPI?

Baba zetu waliofanya kazi ya madini walipewa posho: unga, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu. Unga ndio uliokuwa mwingi, kwa sababu ni wa bei ndogo na unashibisha. Mtu aliyekuwa akipiga sururu na beleshi kutoka asubuhi mpaka jioni aliuchoma unga ule wote katika misuli yake. Leo wengi wetu tunaendesha mashine, tunalinda mlango, tunaandika katika ofisi, tunapanda gari. Beleshi limepungua, lakini mlima haukupungua.

Tupime. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, na gramu 2 tu hivi za protini, yaani kile chakula kinachojenga mwili. Mtu mwenye njaa anaweza kumaliza bugali wa gramu 250 za unga katika mlo mmoja. Hizo ni gramu 200 hivi za wanga, na wanga huo wote unageuka sukari ndani ya damu. Akiongeza chupa moja ndogo ya soda, ameongeza gramu 35 hivi za sukari, kama vijiko saba vya chai. Nyama ya kuku haina wanga. Lengalenga mbichi, gramu 100, hazifikishi gramu 5.

Wengine watasema: “Mimi si mnene, ugonjwa wa sukari ni wa wakubwa wenye matumbo.” Mpakiaji wangu alikuwa mwembamba kama mti wa mbao. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi aina ya tano ya ugonjwa huu, ile inayowapata watu waliokosa chakula bora, mara nyingi tangu utoto. Basi wembamba si hati ya afya.

Na hapa kwetu Kivu kuna jambo moja tusilisahau. Kule Lwiro, katika Kabare, kaskazini ya mji wa Bukavu, wanasayansi na waganga walianza tangu wakati wa ukoloni kuchunguza watoto waliovimba miguu, nywele zikigeuka rangi, ngozi ikibanduka. Ugonjwa huo ni kwashiorkor. Watoto wale walikuwa wakishiba muhogo na ndizi, lakini protini haikuwafikia. Tazameni basi: chungu kimoja, chenye muhogo mwingi na kitoweo kidogo, kinaweza kumharibu baba kwa njia moja na mtoto kwa njia nyingine. Ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba chakula cha mgonjwa wa sukari ni chakula cha baba peke yake. Baba asifungiwe kuku wake kando huku watoto wakichovya bugali katika mchuzi. Dawa ya wote wawili iko katika sahani moja.

NAMNA YA KUMPIKA

Mapishi haya sikuyatoa katika kitabu. Nilifundishwa na yule mama, mke wa mpakiaji, baada ya mume wake kurudi kazini. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta cha kuweka mahali pa bugali, mimi nikiwa bado natafuta maneno.

Kwa nyumba ya watu sita, tafuta kuku mmoja mzima, mafungu mawili ya lengalenga, vitunguu viwili, uyoga wa kujaa mkono kama uko, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili, mayai mawili, na vijiko vinne vya karanga zilizotwangwa. Mwenye franka zaidi anaweza kuongeza kipande cha fromaji ya Masisi. Asiye nazo asihuzunike, karanga zinatosha. Chumvi iwe nusu ya kijiko cha chai kwa kuku mzima, kwa sababu sukari na presha ni ndugu wanaopenda kutembeleana.

Kwanza, kuku wa kwetu ni mgumu. Ukimweka mbichi juu ya makala, ngozi itaungua na ndani atabaki na damu, hasa ukiwa umemjaza. Nyama ya kuku isiyoiva inaleta kuhara kukali. Basi mchemshe kwanza kwa tangawizi, kitunguu kimoja na ndimu, muda wa dakika 45 au saa moja, mpaka uma uingie katika paja bila kulazimisha. Supu usiimwage, itapikia maharagi au sombe ya kesho. Kisu na ubao vilivyogusa kuku mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata majani.

Pili, lengalenga zichemke kidogo, zikamuliwe maji, zikatwe. Kaanga kitunguu cha pili na uyoga kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia majani, kitunguu saumu, pilipili na karanga, kisha vunja mayai na ukoroge juu ya moto mpaka yashikane kabisa. Usijaze kuku kwa mayai mabichi.

Tatu, jaza tumbo la kuku wakati kuku na majani vyote ni vya moto. Funga miguu na mlango wa tumbo kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa katika maji, ili isishike moto.

Nne, washa mbabula na ungoje. Watu wengi wanaharibu kuku kwa haraka. Makala yakiwa bado yanatoa ulimi wa moto, hayajawa tayari. Yakivaa majivu meupe, yasogeze pembeni ili katikati pabaki pa wastani. Weka waya wa kuchomea, juu yake kuku, na umfunike kwa sufuria iliyopinduliwa. Geuza kila baada ya dakika tano, jumla dakika 25 hivi. Tunataka ngozi ya rangi ya dhahabu, hatutaki ngozi nyeusi. Palipoungua pakwanguliwe. Kata na uangalie: majani ya ndani yatoe mvuke.

Juu ya sahani, nusu iwe majani na mboga, robo kuku, robo bugali. Bugali wa mgonjwa wa sukari usizidi ngumi yake. Na tusidanganyane: mtu anayepunguza bugali kisha akajaza viazi na ndizi hakupunguza kitu. Amebadilisha jina tu.

MBABULA PIA NI SHIMO

Hapa narudi katika kazi yetu ya kila siku. Kila mfanyakazi wa chini ya ardhi anajua kwamba shimo lisilo na hewa halikaribishi mtu. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, mpaka miaka ya 1980, watu walikuwa na ndege wadogo, kanari, wa kuwaonya juu ya gesi ya moshi. Ndege alianguka kabla ya mtu. Gesi ile haina harufu, haina rangi, na inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa safi.

Makala ya mbabula yanatoa gesi hiyohiyo. Na Bukavu ni mji wa baridi, karibu metres 1500 juu ya bahari. Mvua ikinyesha jioni, mama anaingiza mbabula ndani, anafunga mlango na dirisha, na baada ya kupika anaiacha chumbani iwape watoto joto. Mtu ambaye mchana hawezi kukubali kuingia shimo bila kupima hewa, usiku analala karibu ya gesi pamoja na jamaa yake yote. Kichwa kikiuma, tumbo likichafuka, watu wote wa nyumba wakisikia usingizi mzito kwa wakati mmoja, msitafute mchawi. Tokeni nje mara moja, fungueni milango, halafu nendeni kwa muganga.

Choma kuku nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Usiwashe makala kwa mifuko ya plastiki, kandambili wala vipande vya gurudumu. Moshi wake ni sumu kwa mpishi na kwa nyama. Na mbabula ikae mbali na mahali watoto wanapocheza.

DAWA NA ZAMU

Sasa nije kwenye jambo lililomwangusha mpakiaji wangu.

Kabla ya insulini kugunduliwa kule Toronto, Kanada, mwaka 1921, waganga wa Ulaya na Marekani walikuwa na njia moja ya kupigana na sukari kali: kumnyima mgonjwa chakula, zaidi wanga. Wagonjwa waliongeza siku chache, huku wakibaki mifupa na ngozi. Leo dawa iko. Lakini dawa na chakula ni kama watu wawili wanaobeba boriti moja. Mmoja akiachia ghafula, boriti inamwangukia mwenzake.

Anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, akiondoa wanga bila kumwambia muganga, sukari yake inaweza kuanguka chini kabisa. Vidonge vya metformini vikitumiwa peke yake, hatari hiyo ni ndogo. Hata hivyo tusichague wenyewe. Muganga ndiye atakayepima na kupunguza dozi kulingana na sahani mpya. Pombe nayo, kwa mtu ambaye hakula, inazidi kuangusha sukari. Aliyekunywa usiku na kumeza kidonge asubuhi bila chakula anakwenda zamu na baruti mfukoni.

Wenzake nao wana kazi. Mtu anayetetemeka, anayetoka jasho baridi, anayesema ovyo, msimwite mlevi kabla ya kuuliza: “Una ugonjwa wa sukari? Ulikula?” Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya sukari katika maji, au nusu ya gilasi ya soda ya kawaida yenye sukari. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, mrudieni tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia, msimwagie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, mpelekeni dispanseri upesi. Na mwenye ugonjwa huu asione haya kumwambia mkubwa wa timu. Siri yake inaweza kumwua, na kumwua anayefanya kazi chini yake.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua mtakayosema. La kwanza: “Mwanaume bila bugali hana nguvu.” Sikusema bila bugali. Nimesema ngumi moja. Na nguvu za misuli zinajengwa na kuku, samaki, mayai, maharagi, si kwa unga peke yake.

La pili lina uzito zaidi: “Kuku ni wa bei. Sisi tunamwona siku ya Noeli na siku ya ubatizo.” Ni kweli, na siwezi kulipita jambo hili nikicheka. Mtu ambaye mshahara wake unakwisha tarehe 15 hawezi kuambiwa achome kuku kila jumapili. Lakini chukueni mpango wa sahani, hata kama hamna kuku. Sambaza za ziwa letu, mayai, maharagi, vyote vinaweza kukaa mahali pa kuku. Maharagi yana wanga wake, lakini yanaingia katika damu polepole kuliko muhogo. Lengalenga zinaota nyuma ya nyumba kwa yeyote mwenye kipande cha udongo. Na siku kuku atakapopatikana, basi asipikwe kwa kusindikiza mlima. Apikwe awe yeye ndiye chakula.

La tatu ninalielekeza kwa wale wanaopika katika kantini za kambi. Wengi wetu tunakaa majuma milimani, jamaa zetu zikibaki Kadutu, Bagira au Panzi. Mke anaweza kupanga sahani nyumbani, lakini kambini ni kijiko cha mpishi kinachoamua. Wakubwa wa kazi wanaopima vumbi na kelele wapime pia sahani. Majani yakiwa kijiko kimoja na bugali vijiko vitano, tusije tukashangaa dispanseri ikijaa.

Mpakiaji yule alirudi kazini baada ya daktari kumpunguzia dozi. Mke wake alianza kwa kuondoa robo ya bugali juma la kwanza, robo nyingine juma la tatu, akipima kila mara na dispanseri. Kila asubuhi, kabla ya zamu, mume alikula kitu pamoja na kidonge chake, na mfukoni alikuwa na pakiti ndogo ya sukari. Wenzake wote walijua pakiti ile iko mfuko gani.

Basi ndugu, msiache bugali kesho asubuhi kwa sababu mmesoma ukurasa huu. Mwenye ugonjwa wa sukari aende kwanza kwa muganga na aulize maswali mawili: “Dawa yangu ni ya namna gani? Nikipunguza bugali, nipunguze na dawa?” Muganga akimjibu maneno matatu tu na kuita mwingine, asiinuke katika kiti mpaka aelezwe vizuri.

Usalama kazini unaanza nyumbani, katika sahani.